Kanuni ya Kwanza

Jumapili ya kwanza ya Julai tulikaa kando ya Ziwa Duluti saa nzima tukisubiri upepo. Ilikuwa saa nne asubuhi na Mlima Meru haukuwepo. Mtu anayeishi Tengeru huzoea kusema hivyo mwezi wa saba: leo mlima haupo. Wingu la kijivu lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilele vya miti inayozunguka ziwa, na maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa. Mwalimu alikuwa amevaa koti la mvua juu ya sweta mbili. Muuguzi alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili bila kunywa. Fundi alizitazama mashua tatu zilizolazwa kwenye majani, matanga yake yakining'inia kama kanga zilizoanikwa siku isiyo na jua. Mpwa wake, kijana wa kidato cha pili, ndiye pekee aliyekuja na kaptula.

"Sasa haya ndiyo mashindano?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akipita na wajukuu zake.

"Ndiyo haya, mama. Tunasubiri upepo."

"Na usipokuja?"

"Tutarudi nyumbani."

Akatutazama mmoja mmoja, akawaambia wajukuu waendelee kutembea.

Klabu yetu, kama naweza kuiita hivyo, ina watu watano na mashua tatu. Haina jina, haina katiba, haina jengo. Mashua mbili ni za faiba. Ziliachwa na familia ya wageni iliyohama, zikakaa miaka kwenye banda la kuku hadi fundi alipoziba nyufa zake. Ya tatu aliiunda mwenyewe kwa plaiwudi, akifuata vipimo vya Optimist, ile mashua ya watoto yenye umbo la sanduku ambayo Mmarekani Clark Mills aliichora mwaka 1947 huko Florida ili mtu yeyote mwenye msumeno aweze kuitengeneza. Urefu wake ni mita 2.3 tu. Mtu mzima akikaa ndani, magoti yanakaribia kidevu.

Kila Jumapili kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, baada ya ibada ya kwanza, tunalipa kiingilio kwenye geti la msitu wa hifadhi kama wageni wengine, tunabeba mashua hadi majini, tunatia nanga madumu matatu ya njano ya mafuta ya kula, kila moja limefungwa kamba na jiwe, kisha tunashindana kuyazunguka mara tatu. Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3. Mwisho wa msimu mwenye wastani mdogo kuliko wote anachukua mkungu wa ndizi kutoka shambani kwa mwalimu. Kwa kuwa mashua ni tatu na watu ni watano, tunakwenda kwa zamu. Wanaobaki nchi kavu, mmoja anapiga filimbi na mwingine anakaa kwenye mtumbwi, tayari kwa lolote.

Watu hutuuliza kwa nini tumechagua miezi ya baridi. Jibu fupi ni kwamba masika yamekwisha na njia ya kushukia ziwani imekauka. Jibu refu ni kusi. Pwani, kipupwe ndio msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini na kuwarudisha vyombo kaskazini. Kufika Arusha umeshasafiri zaidi ya kilomita 300 juu ya nchi kavu, umechoka, na badala ya mawimbi unaleta mawingu. Mawingu hayo yanagota mlimani na kukaa. Mchana jua likifanikiwa kuyapasua, hewa huanza kusogea, na hapo ndipo ziwa linapoamka. Lakini Duluti limo ndani ya shimo la volkeno ya kale, kingo zake zimeinuka na zimejaa miti, kwa hiyo upepo hauingii kwa mlango. Unadondoka kutoka juu, vipande vipande, na kila kipande kina mwelekeo wake. Unaweza kuwa umekaa bila hata kijiupepo huku mwenzako, mita 30 kutoka ulipo, analala nje ya mashua ili isipinduke.

Kuhusu baridi yenyewe sitatia chumvi. Nyuzi 13 asubuhi si kitu kwa watu wa nchi za theluji. Si mbali na ziwa kuna makaburi ya Wapoland, sehemu ya kambi ambako wakimbizi karibu 5,000 walihifadhiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wengi wao wakiwa wamepitia Siberia kabla ya kuletwa hapa. Nadhani wangezicheka sweta zetu. Lakini sisi ndiyo baridi tuliyo nayo, na ukilowa Duluti mwezi wa saba utaikumbuka hadi Jumanne.

*

Mashindano yangu ya kwanza ya mashua yalikuwa kwenye mfereji, nikiwa na miaka sita.

Miteremko ya Meru imejaa mifereji inayochukua maji ya vijito na kuyapeleka mashambani. Uliopita nyuma ya kwetu ulikuwa na upana wa hatua moja. Tulikuwa tunabandua gamba la mgomba, tunalikata urefu wa kiganja, tunachomeka kijiti na kipande cha jani kuwa tanga, halafu tunaziachia zote kwa pamoja kwenye daraja la ubao na kukimbia kando kando hadi kwenye mti wa parachichi. Wakati wa kiangazi maji yalikwenda polepole na mashua zilikwama. Wakati wa baridi, baada ya masika, mfereji ulikuwa umejaa, na mashua nzuri ilikuhitaji ukimbie kweli kweli.

Siku moja Baba alitokea shambani akatukuta. Hakupiga kelele. Aliinama, akaitoa mashua yangu majini, akaiweka chini na kuikanyaga. Kisha akaondoka na jembe lake begani. Nililia hadi usiku, na usiku huo ndipo mama aliponieleza.

Mwaka 1980 Baba alikuwa darasa la saba. Mdogo wake alikuwa na miaka tisa. Jirani na kwao kulikuwa na shamba kubwa la kahawa lenye bwawa la kumwagilia, na wavulana wa kijijini walikuwa wamefunga vigogo vya migomba wakapata chelezo. Walipokezana kupanda. Zamu ya baba mdogo ilipofika, chelezo kilikuwa kimeshazunguka sana na kamba za mgomba zilikuwa zimelegea. Kiliachana katikati ya bwawa. Hakuna hata mmoja kati ya wavulana wale aliyejua kuogelea. Baba alikimbia kuwaita watu wazima. Aliporudi nao, maji yalikuwa yametulia.

"Baba yako alikimbia," mama aliniambia. "Mpaka leo anafikiri alikimbilia upande usiofaa."

Baada ya hapo niliielewa nyumba yetu. Nilielewa kwa nini darasa letu lilipokwenda kutembelea Duluti mimi nilibaki nyumbani na homa ambayo sikuwa nayo. Nilielewa kile alichokuwa akinisimulia bibi, kwamba MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, mwaka niliozaliwa, na nchi nzima ikawa inasikiliza majina redioni, Baba aliichukua redio yetu akaifungia kabatini. Kwetu maji yalikuwa ya kunywa, kufulia na kumwagilia kahawa. Hata neno matanga nililijua kwa maana moja tu, ile ya msiba. Nilikuwa sekondari nilipogundua kwamba ni wingi wa tanga pia.

*

Bahari niliiona nilipokwenda chuo Dar es Salaam, na kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka 22, nimeshikwa kiuno na rafiki yangu wa Tanga aliyekuwa akicheka. Yeye ndiye aliyenipeleka Kunduchi kwa mjomba wake mwenye ngalawa. Mzee yule hakuamini kwamba mtu anaweza kufika umri huo bila kupanda chombo. "Shikamoo" yangu aliijibu, kisha akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Arusha, akasema, "Aa, basi," kana kwamba nimemweleza ugonjwa wangu.

Alinifundisha kwa maneno machache. Upande unakotoka upepo ni goshini. Upande unakokwenda ni demani, na demani ni kamba ya tanga vilevile, ile unayoivuta kulikaza na kuilegeza. Ukitaka kwenda kule unakotoka upepo, huwezi kwenda moja kwa moja. Unakwenda bisho: mshazari kulia, unageuza, mshazari kushoto, unageuza tena, kama mtu anayepanda mlima kwa kona. Hilo nililielewa mara moja. Barabara zetu zote zinapanda hivyo.

Kilichonishangaza kilikuwa miili ya vijana wake. Upepo ulipozidi, walipanda nje kwenye miti inayoshikilia ndubi, yale mabawa mawili ya ngalawa, wakakaa juu ya maji kabisa, uzito wao ukikizuia chombo kisilale. Walipiga soga huku wamekaa pale. Julai moja nilivuka kwenda Unguja wakati wa tamasha la filamu la ZIFF nikatazama ngalawa zikishindana mbele ya Forodhani, na nilichokuwa nakitazama zaidi ni watu wale waliokaa nje. Nilimfikiria Baba. Nilitaka kumwonyesha kwamba kuna watu wanayakalia maji hivi, na jioni wanarudi kula kwao.

Sikumwonyesha. Miaka ikapita, mkataba wangu wa kazi ukaisha, nikarudi Tengeru kwa muda ambao umekuwa mrefu kuliko nilivyopanga. Fundi nilimkuta akitengeneza dirisha la jirani, nikaona mlingoti mwembamba umeegemezwa kwenye karakana yake, nikamuuliza ni wa nini. Ndivyo nilivyoingia klabu.

Nyumbani sikusema kitu kwa Jumapili tatu. Ya nne Baba alinikuta naanika suruali uani.

"Nguo zako zinanuka ziwa," alisema.

Nikanyamaza.

"Unajua kuogelea?"

"Najua, Baba."

"Nani alikufundisha?"

Nilimweleza. Alitikisa kichwa, akaenda kukagua kahawa yake. Nilijua mazungumzo yamekwisha, ila sikujua yamekwisha vipi. Jumapili iliyofuata, tukiwa tunakunywa chai, akasema bila kunitazama: "Leo upepo hautakuja kabla ya saa sita." Sisi tulikuwa tumepanga kuanza saa nne. Upepo ulikuja saa sita na robo.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Mtu aliyeanika kahawa kwa miaka 40 anayajua mawingu ya mlima huu kama mlinzi anavyowajua watu wa mtaa wake. Wingu likilala chini ya mstari wa msitu na kutanda, alisema, mtakaa. Likianza kuchanika juu ya Usa River kwanza, upepo uko njiani. Likipanda haraka na kuonyesha shingo ya mlima kabla ya saa nne, angalieni. Nilikuwa nawapelekea wenzangu utabiri huo, na mwalimu alianza kupanga saa ya kuanza kwa kuuliza: "Mzee amesemaje?" Lakini mzee mwenyewe hakuja. Kutoka kwetu hadi ziwani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akishuka ile njia.

*

Msimu ulipokaribia kwisha tuliamua kusoma kanuni rasmi, kwa sababu muuguzi na mwalimu walikuwa wamegombana kuhusu nani ampishe mwenzake kwenye dumu la pili. Mchezo huu una kitabu chake. Shirikisho la kimataifa, World Sailing, hukichapisha upya kila baada ya miaka minne. Nilikipakua, nikatoa nakala ya kurasa chache mjini, na Jumamosi jioni nikakaa mezani kuzitafsiri.

Nilitarajia kwamba kanuni ya kwanza itakuwa ya kuanza mbio, au ya kupishana. Haikuwa hivyo. Kanuni ya 1, kabla ya jambo lingine lolote, inasema kwamba mshindani atatoa msaada wote anaoweza kwa mtu au chombo chochote kilicho hatarini. Mambo ya nani apite wapi yanakuja baadaye. Mbele zaidi kuna kifungu kinachoeleza kwamba aliyepoteza nafasi yake kwa sababu ya kutoa msaada anaweza kufidiwa, mara nyingi kwa kupewa wastani wa pointi zake.

Nikatafuta kama iliwahi kutumika, nikakutana na habari ya Lawrence Lemieux wa Kanada. Septemba 24, 1988, katika Olimpiki ya Seoul, mbio za mashua zilikuwa zinafanyika Pusan na upepo ulikuwa mkali sana. Lemieux alikuwa peke yake kwenye mashua ya Finn, anashika nafasi ya pili, alipowaona mabaharia wawili wa Singapore wa mbio nyingine wakiwa majini na chombo chao kimepinduka. Akaacha njia yake, akawatoa, akakaa nao hadi boti ya doria ilipofika, kisha akaendelea na mbio. Alimaliza nyuma sana. Waamuzi wakamrudishia nafasi ya pili ya siku ile. Medali ya mashindano hakupata, lakini Kamati ya Olimpiki ilimtunuku ya uungwana.

Baba alikuwa upande wa pili wa meza akichambua maharage. Nilitaka kumsomea. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Kuna mambo ambayo mtu wa miaka 28 hajui namna ya kumwambia baba yake.

*

Jumapili ya mwisho ya Agosti shingo ya mlima ilionekana saa tatu. Baba aliweka kikombe chini.

"Leo upepo utakuja mapema," alisema, "na utakuja vibaya."

Tulijadiliana ziwani kama tuahirishe. Lakini ilikuwa siku ya mwisho, hesabu zilikuwa zimebanana, na tulikuwa na jaketi za kujiokolea. Katika mbio zangu 10 nilikuwa na pointi 18, na muuguzi katika mbio zake 10 alikuwa na 19. Zamu ilikuwa yetu sisi wawili na mpwa wa fundi. Fundi aliingia kwenye mtumbwi, mwalimu akachukua filimbi na saa.

Nilipokuwa nageuza mashua kujiandaa, nilimwona Baba. Alikuwa amesimama chini ya mti mkubwa pale njia inapoishia, amevaa koti lake la kanisani na viatu vyeusi vya kanisani, mikono nyuma. Sikumpungia. Niliogopa kwamba nikimpungia ataondoka.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza nilikuwa mbele, kijana nyuma yangu kwa urefu wa mashua mbili, muuguzi wa tatu. Upepo ulikuwa unadondoka kutoka ukingo wa mashariki kwa vipande vikubwa, unauona kabla haujakufikia kwa sababu maji yanakuwa meusi. Katika mzunguko wa pili muuguzi alichagua njia ya mbali, upande wa pili kabisa wa ziwa, akitafuta upepo wake, na fundi akamfuata na mtumbwi kwa kuwa huko ndiko maji yalikochafuka zaidi. Mimi na kijana tukazunguka dumu la juu na kuanza kurudi na upepo mgongoni.

Kwenda na upepo kunaonekana rahisi. Tanga limefunguka upande mmoja, mashua inateleza, baridi unaisahau. Hatari yake ni kwamba upepo ukibadilika kidogo tu, ukalipiga tanga kwa nyuma, lote linaruka upande wa pili kwa nguvu moja pamoja na mti wake. Nilisikia mlio huo nyuma yangu, kama mtu amefunga mlango wa bati. Nikageuka. Mashua ya plaiwudi ilikuwa imelala ubavu, kisha taratibu ikamaliza kugeuka, tumbo juu. Kijana sikumwona.

Ningependa kusema kwamba niliikumbuka kanuni. Sikukumbuka kitu. Nilivuta demani, nikasukuma usukani, nikaanza kupanda kwake bisho, na ndipo nilipojua jinsi mita 40 zilivyo nyingi unapokwenda kinyume cha upepo. Nilikwenda kulia, nikageuza, nikaenda kushoto. Kila nilipogeuza ilinilazimu kumpa mgongo kwa muda. Nilikuwa napiga kelele, "Sukuma tanga! Sukuma juu!" Jaketi linamwinua mtu, na kama yuko chini ya tanga linambana hapo hapo. Dawa yake ni kulisukuma kitambaa juu kwa mkono ili hewa iingie, kisha kufuata mshono hadi ukingoni. Tulikuwa tumemfundisha mwezi wa sita, kwenye maji ya kiunoni, akicheka.

Nilipofika karibu, mkono ukatokea, halafu kichwa. Alikuwa anakohoa na macho yamemtoka. Kamba ilikuwa imemzunguka kifundo cha mguu. Niliishika kola ya jaketi lake kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikaipapasa kamba chini ya maji hadi ikaachia. Hatukusemezana. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba mashua yangu ilitetemeka naye. Baada ya muda nikamwambia, "Upo," naye akasema, "Nipo, dada."

Fundi alifika akipiga kasia kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Tukampakia kijana kwenye mtumbwi. Ndipo nilipotazama ufukweni kumtafuta Baba.

Hakuwa chini ya mti. Alikuwa majini. Alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji yakimfika juu kidogo ya magoti, na koti lake na viatu vyake, mikono ameinyoosha mbele kidogo kama mtu anayetembea gizani. Mwalimu alikuwa pembeni yake, amemshika kiwiko. Hakuwa anakwenda popote. Hajui kuogelea. Alikuwa ameingia hadi pale alipoweza kuingia, akasimama.

*

Muuguzi alimaliza mbio akiwa peke yake, akashangaa hakuna filimbi. Alipofika nchi kavu na kuelezwa, alimvua kijana nguo zilizolowa, akamfunika makoti yetu yote, akamsikiliza kifua, akamkaripia mjomba wake, kisha akasema ushindi huo hautaki kwa sababu yeye hakuona kitu. Mwalimu, ambaye hupata utulivu kwenye hesabu tu, akafungua daftari. Kanuni inaruhusu wastani, alisema. Pointi 18 kwa mbio 10 ni 1.8, jumla yangu 19.8. Muuguzi, kwa kuwa wa kwanza, ana 20. Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda msimu kwa pointi 0.2. Hakuna aliyepiga makofi. Mkungu tuliukata mafungu matano, na fungu kubwa likaenda kwa mama yake kijana, ambaye alilipokea bila kutuambia asante, na alikuwa na haki.

Mimi na Baba tulipanda njia kwa miguu. Viatu vyake vilikuwa vinatoa sauti kila hatua. Tulipita geti, tukapita mashamba ya mwanzo, na hakuna aliyesema neno. Nyumbani mama alivitazama viatu, akanitazama mimi, akaenda kuchochea moto.

Usiku, viatu vikiwa vimewekwa karibu na mafiga, Baba aliniuliza zile karatasi nilizokuwa naandika Jumamosi zilikuwa za nini.

Nikazileta. Nikamsomea ile ya kwanza, kwa Kiswahili changu cha kutafsiri, na kuhusu yule Mkanada pia. Alisikiliza akiwa ameinama, viwiko magotini.

"Rudia hapo mwanzo," alisema.

Nikarudia.

"Ndiyo ya kwanza kabisa?"

"Ya kwanza, Baba."

"Kabla ya zile za kushinda."

"Kabla ya zote."

Akakaa kimya kwa muda mrefu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Lakini inasema anaoweza," Baba akasema mwishowe. "Msaada wote *anaoweza*."

"Ndiyo. Anaoweza."

Hakuongeza neno. Alichukua kiatu kimoja, akakigeuza, maji kidogo yakadondoka kwenye majivu, akakirudisha. Jumapili iliyofuata msimu ulikuwa umekwisha na mashua zilikuwa zimerudi karakanani. Baba alikwenda ibadani na viatu vile vile. Alikuwa amevipiga kiwi vizuri, lakini mstari wa maji ulibaki, mweupe, ukizunguka juu ya soli, na hakuhangaika kuufuta.